Seti ya gia ya baiskeli: 105 ya waya, Rival ya betri au Chorus? Fremu na magurudumu ninayo, mikono yangu midogo

Kipepeo_Mlimani

Wakuu, salaam. Swali langu ni refu kidogo, naomba mnisome hadi mwisho. Nimepitia maswali ya namna hii na mengi yameishia kwenye ushabiki wa majina, nadhani kwa sababu muulizaji hakusema anaendeshaje. Mimi nitasema.

Nina fremu ya kaboni ya baiskeli ya mbio, ya breki za diski, bado iko tupu. Magurudumu ninayo, frihabu yake (kile kipande cha habu ya nyuma kinachobeba kaseti) ni ya Shimano ya gia 11, na sina mpango wa kununua mengine kwa sasa. Kinachokosekana ni seti nzima ya gia: vishikio vya breki na gia, vibadilisha gia vya mbele na nyuma, krenki (mikono ya pedeli na gia za mbele), kaseti (gia za nyuma), cheni na breki. Baada ya kusoma sana zimebaki tatu. Kuna Shimano 105 ya waya ya gia 12, yaani R7100. Kuna SRAM Rival eTap AXS, ambayo haina waya wa gia hata mmoja. Na kuna Campagnolo Chorus ya gia 12, ya waya, imetumika kidogo. Ni ya rafiki yangu aliyehamia baiskeli nyingine na yuko tayari kuniachia.

Mwili wangu: kilo 58, si mrefu, vidole vifupi. Kwenye baiskeli niliyonayo sasa, nikishika usukani chini, ncha za vidole ndiyo kwanza zinagusa breki, na kupandisha gia ya mbele lazima nisukume kwa kiganja kizima. Matokeo yake miteremko mirefu naishuka nikiwa nimeshika juu. Hilo silipendi hata kidogo, kwa sababu nikishika chini naidhibiti baiskeli vizuri zaidi.

Njia zangu ni milima. Kupanda kwa muda mrefu, sehemu nyingi asilimia nane, pengine kumi. Gia yangu nyepesi kabisa kwa sasa ni meno 34 mbele na 28 nyuma, na kwenye asilimia kumi mizunguko ya pedeli inashuka hadi 50 hivi kwa dakika. Pumzi inakuwa bado ipo, magoti ndiyo yanayobeba mzigo, na yameanza kuuma. Nataka hilo liishe na seti hii. Wikendi naendesha na kundi kwenye tambarare, mwendo wa kilomita 33 hadi 38 kwa saa, na huko nako sitaki kuhangaika kati ya gia nzito mno na nyepesi mno.

La mwisho: matengenezo nafanya mwenyewe. Nabadili waya, natoa hewa kwenye breki, napima cheni. Tena huwa nasafiri kwa baiskeli siku kadhaa mfululizo, na kuna usiku ambapo hakuna pa kuchajia chochote.

Naomba msiniambie nichukue yoyote kwa sababu zote nzuri. Najua zote nzuri. Nataka kujua ipi inamfaa mtu kama mimi, na kwa nini.

UpepoMbele

Dada, chukua Rival. Umejijibu mwenyewe uliposema vidole vifupi.

Mkono wa breki wa Rival hausukumwi kuelekea ndani ili kubadili gia. Nyuma yake kuna kibonyezo kimoja kipana kila upande. Ukibonyeza cha kulia gia inakuwa nzito, cha kushoto inakuwa nyepesi, vyote viwili kwa pamoja gia ya mbele inahama. Basi. Hata mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi, au umevaa glavu nene, huwezi kukosea. Na kishikio chenyewe ni chembamba, kiganja kidogo kinakizunguka vizuri. Mbele hapo unaposukuma kwa kiganja kizima, utakuwa unagusa tu, injini ndogo inafanya kazi.

Kuhusu umeme, hofu yako naielewa lakini hesabu haiko upande wake. Betri moja inakaa takriban saa 60 za kuendesha na inajaa kwa saa moja hivi. Safari ya siku tano, kila siku saa saba juu ya kiti, ni saa 35. Unaondoka imejaa, unarudi bado ipo. Betri ya mbele na ya nyuma ni zilezile, kwa hiyo ya nyuma ikiisha unachomoa ya mbele unaihamishia nyuma na kuendelea na gia 12. Ukitaka utulivu kamili beba betri ya tatu, inaingia kwenye mfuko wa jezi. Kwenye vishikio kuna betri za kitufe, CR2032, zinazokaa muda mrefu sana. Kitu pekee cha kukumbuka: ukipakia baiskeli kwenye gari, zichomoe, kwa sababu mtikisiko unaviamsha vibadilisha gia na betri inaliwa bure.

Na kufunga seti hii kwenye fremu tupu ni raha. Hakuna waya wa gia wa kupitisha ndani ya fremu. Mabomba mawili ya breki, umemaliza.

Mwendo_Pole

Mimi ningetazama nje ya hizo tatu. Ultegra R8000 ya Shimano ya gia 11 iliyotumika zimejaa sokoni kwa sababu watu wanahamia gia 12. Inaingia kwenye magurudumu yako bila kubadili frihabu, kaseti ya 11-34 (gia ndogo ya nyuma meno 11, kubwa 34) ipo, cheni na kaseti za gia 11 zinapatikana kirahisi kuliko za 12. Gia moja ya ziada haitakupandisha mlima.

Fundi_Spoku

Kipepeo, ahsante kwa kueleza vizuri. Nimefungua na kufunga seti hizi zote kwenye baiskeli za watu, kwa hiyo nitakujibu kutoka mezani kwangu. Kwanza majina tuyaweke kando kabisa. Jonas Vingegaard alishinda Tour de France 2022 akiwa na Shimano, akashinda tena 2023 akiwa na SRAM. Tadej Pogačar alishinda 2020 na 2021 akiwa na Campagnolo, 2024 akiwa na Shimano. Miguu ilikuwa ileile. Wewe una mambo matatu ya kuamua nayo: goti, kidole na frihabu.

Tuanze na goti. Kwa 34 mbele na 28 nyuma, mizunguko 50, tairi la kawaida la barabarani, unakwenda kama kilomita 7.6 kwa saa. Mwendo huohuo, nguvu zilezile, gia nyepesi za seti zako tatu zinakupa hivi: 105 yenye 34 mbele na kaseti ya 11-36, mizunguko 64. Rival yenye 46/33 mbele (meno ya gia kubwa na ndogo) na 10-36 nyuma, mizunguko 66. Chorus yenye 48/32 mbele na 11-34 nyuma, mizunguko 64 na nusu. Umeona? Tofauti kati yao hutaihisi. Tofauti kati ya yoyote kati yao na unachoendesha leo ni kubwa, na goti litaijua siku ya kwanza. Lakini sharti uombe kaseti kubwa. 105 ileile ukiifunga na 11-34 utapata mizunguko 61, na ukikubali krenki ya 52/36 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, faida inazidi kupungua. Watu wengi wanachagua jina kwa miezi mitatu halafu kaseti wanachukua iliyopo. Meno ndiyo yanayokupandisha.

Sasa kundi lako la tambarare, maana hapo ndipo tofauti ilipo na sijaona mtu akiigusa. Kaseti ya Shimano ya 11-36 inakwenda 11, 12, 13, 14, 15, 17, 19, 21, 24, 28, 32, 36. Haina 16. Ukiwa na 50 mbele na mizunguko 90, jino la 15 (gia ya nyuma yenye meno 15) linakupeleka karibu 38 kwa saa na la 17 linakupeleka 33. Kundi likienda 35 au 36, ama unazungusha haraka kidogo kuliko unavyopenda ama unakandamiza. Kaseti ya SRAM ya 10-36 ni 10, 11, 12, 13, 15, 17, 19, 21, 24, 28, 32, 36. Hiyo haina 14 wala 16. Kwa 46 mbele, jino la 15 ni kama 35 kwa saa, la 13 ni 40. Kwa mwendo wa 35 umekaa pazuri kabisa, ila kundi likifika 37 au 38 unaingia kwenye pengo. Chorus ya 11-34 ni 11, 12, 13, 14, 15, 16, 17, 19, 22, 25, 29, 34, na kwa 48 mbele una 32, 34 na 36 kwa saa zimepangwa bila pengo. Kwa kazi ya kundi, Chorus ndiyo bora, na nasema hivyo bila kusita. Inalipia upande wa milima, ambako hatua ya kutoka 29 kwenda 34 ni ndefu.

Kila kaseti inanunua kitu na kuuza kingine. Kwa jinsi ulivyoeleza, goti kwanza na kundi baadaye, pengo la 16 ningelivumilia.

Frihabu. Hapa mwenzetu UpepoMbele amepita haraka. Kaseti ya Rival inaanzia jino la 10, na jino la 10 haliwezi kukaa kwenye frihabu ya Shimano uliyonayo. Inahitaji frihabu ya XDR, aina ya SRAM. Chorus nayo inahitaji frihabu ya Campagnolo. Kaseti za Shimano 105 za gia 12 zinaingia kwenye frihabu ya barabarani ya gia 11 uliyonayo. Kwa hiyo kabla ya kupenda Rival au Chorus, soma jina na modeli ya habu yako, kisha uliza kama kuna mwili wa frihabu wa kubadilisha. Habu nyingi nzuri wanautengenezea na kuubadili ni kazi ya dakika chache. Nyingine hawana, na hapo seti moja inageuka kuwa seti na gurudumu.

Chunguza pia tundu la krenki la fremu. Ekseli ya Shimano ni milimita 24, ya Campagnolo Ultra-Torque ni 25, ya SRAM DUB ni 28.99. Beringi zake zinatofautiana na lazima ziendane na tundu hilo. Karibu kila tundu lina beringi zake siku hizi, ila usiagize kwa kukisia.

Breki, kwa kuwa unatoa hewa mwenyewe. Shimano na Campagnolo wanatumia mafuta ya madini. Rival inatumia mafuta ya DOT. DOT inanyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo chupa ikishafunguliwa haifai kukaa kabatini mwaka mzima, na tone lake likidondokea rangi ya fremu linaila usipolifuta mara moja. Kazi ya kutoa hewa si ngumu kwa yeyote kati yao, ila kwa mtu anayefanya kazi nyumbani nampendekezea mafuta ya madini. Na usije ukachanganya hata kidogo: sili za ndani zinavimba na kuharibika, breki inakwisha.

Waya. Mtu anayesema waya hauna matengenezo hajafungua kishikio. Kwenye seti ambazo waya wa gia unapita chini ya utepe wa usukani, unajikunja kwa pembe kali ndani ya kishikio, na hapo ndipo unapochanika uzi mmoja mmoja. Dalili yake ya kwanza ni gia ya nyuma kuanza kusitasita hata baada ya kurekebisha. Usizungushe skrubu tena na tena, fungua utazame. Ukikatikia ndani, kile kichwa cha waya kinabaki kimenasa na kukitoa ni kazi ya subira. Badili waya wa nyuma kila mwaka kama unaendesha sana, uwe umechanika au haujachanika. Beba mmoja safarini. Hapo waya unashinda betri: tatizo lake unaweza kulitatua kando ya barabara kwa koleo na funguo moja ya pembe sita.

Kidole nimekiacha mwisho kwa sababu sitaweza kukuamulia. Vishikio vyote vitatu vina skrubu ya kuusogeza mkono wa breki karibu na usukani. Ila kwenye 105 ya waya, ili kupata gia nyepesi unasukuma mkono wote wa breki kuelekea ndani, na safari yake ni ndefu. Kwa mkono wa kushoto, kupandisha cheni kwenye gia kubwa ya mbele ndiyo msukumo mzito kuliko yote. Usinunue mpaka umeijaribu ukiwa umeshika chini, baada ya skrubu kusogezwa. Baada, nasisitiza. Baiskeli nyingi zinaondoka dukani skrubu hiyo haijawahi kuguswa, na nina shaka hata unayoendesha sasa iko hivyo.

Halafu kuna ya nne hukuitaja: 105 Di2, yaani ya umeme, R7150. Kaseti ileile, frihabu ileile, mafuta ya madini yaleyale, na gia unabadili kwa kitufe. Betri inakaa ndani ya bomba la kiti, unachajia kwenye kibadilisha gia cha nyuma, na chaji moja inakwenda kama kilomita 1,000. Ikikaribia kuisha, gia ya mbele inaacha kufanya kazi kwanza, ya nyuma inaendelea kwa muda, kwa hiyo unapata onyo. Bei yake iko juu ya ile ya waya, hilo utapima mwenyewe.

Mwendo_Pole, wazo la Ultegra si baya, gia 11 bado ni kazi safi. Ila mwambie na jambo hili: Septemba 2023 Shimano walitangaza ukaguzi wa bure wa krenki za Ultegra na Dura-Ace za gia 11, zilizotengenezwa kati ya Juni 2012 na Juni 2019, kwa sababu vipande vyake viwili vilivyogundishwa vinaweza kuachana. Anayenunua iliyotumika asome namba ya utengenezaji iliyoandikwa nyuma ya mkono wa krenki, na aulize kama ilishakaguliwa. Krenki za 105 hazimo kwenye tangazo hilo.

Kidole_Gumba

Fundi umeitendea haki Chorus kwenye kaseti, niongeze upande wa mkono.

Kwenye Campagnolo kila kitu kina kazi moja. Mkono wa breki ni breki tu. Kijiti kilicho nyuma yake kinaleta gia nyepesi. Kitufe cha kidole gumba, upande wa ndani wa kishikio, kinaleta gia nzito. Na kwa msukumo mmoja wa kidole gumba unaweza kushusha hadi gia tano, kwa kijiti unapanda hadi tatu. Ukifika kileleni na mteremko unaanza palepale, hiyo ni raha ambayo sijaipata kwingine. Mlio wake nao unajua gia imeingia bila kutazama.

Kwa dada mwenye mikono midogo kuna mambo mawili. Kijiti hakihitaji uusukume mkono wa breki, hilo ni zuri. Ila kishikio cha breki za diski ni kirefu kwenda juu kidogo kuliko cha breki za rimu, na kufikia kitufe cha gumba ukiwa umeshika chini kunategemea sana umbo la usukani na urefu wa gumba lako. Wapo wanaokifikia bila kufikiri, wapo wanaolazimika kulegeza mshiko. Kwa kuwa ni ya rafiki yako, mwombe uikalie.

Na uwe tayari kutafuta vipuri kwa bidii. Ukikatikiwa na kitu katikati ya safari, uwezekano wa kukuta kipuri cha Campagnolo karibu ni mdogo kuliko wa Shimano. Mimi ninaipenda na nabeba vyangu.

UpepoMbele

Fundi, nakubali la frihabu, nilipaswa kulitaja. Kwa pengo la jino la 14 pia uko sahihi kwa hesabu, ila 46/33 ina faida hukuisema: kutoka gia kubwa ya mbele kwenda ndogo ni meno 13 tu, wakati 50/34 na 48/32 ni meno 16. Ukiangusha cheni mbele kabla ya mlima, miguu haizunguki hewani ghafla, na huhitaji kurudisha gia mbili tatu za nyuma kufidia. Kwa mtu wa milima hilo linajirudia siku nzima.

Na kwa mikono yake bado naamini umeme ndiyo jibu, iwe Rival au hiyo Di2.

Fundi_Spoku

Hilo la meno 13 ni kweli tupu.

Kipepeo_Mlimani

Nimerudi na majibu, na ninawashukuru wote kwa muda wenu.

Nilianza na skrubu. Nimeisogeza kwenye baiskeli niliyonayo, nikarekebisha na breki kidogo ili mkono usigonge usukani kabla haujakamata, na sasa kiungo cha kwanza cha kidole kinafika nikiwa nimeshika chini. Fundi, ulikuwa sahihi, haikuwahi kuguswa.

Kisha nimejaribu zote tatu. R7100 ni ya mwenzangu wa kundi, Rival ya mwingine, Chorus ya rafiki yangu. Kote nimeomba skrubu isogezwe kabla ya kupanda, na kote nimejaribu nikiwa nimeshika chini, kwenye mlima na kwenye mteremko.

Chorus nimeipenda sana masikioni na kwenye kijiti. Gumba langu ndilo halikufika. Kila nikitaka gia nzito nikiwa chini nililegeza vidole vya breki, na kwenye mteremko hicho ndicho kitu nisichotaka. Ingekuwa gumba linafika, ningeichukua na kutafuta frihabu.

Rival ndiyo rahisi kuliko zote, UpepoMbele hujanidanganya. Nimeelewa kwa nini hutaki kurudi nyuma. Lakini nimeandika kwa mtengenezaji wa habu yangu na jibu ni kwamba mwili wa XDR wa modeli hii hawana. Kwa hiyo Rival kwangu maana yake ni gurudumu jipya la nyuma, na nilishasema magurudumu yanabaki.

R7100 imenishangaza. Msukumo wa kulia ni mrefu kama fundi alivyosema, ila ni mwepesi, na mkono ukiwa umesogezwa karibu naumaliza kwa vidole viwili. Wa kushoto ni mzito zaidi, lakini si ule wa kiganja kizima. Nimeurudia mara nyingi makusudi, mwishoni mwa mlima nikiwa nimechoka, kwa sababu hapo ndipo ukweli unapojulikana. Umepita.

Di2 nimeifikiria kwa dhati. Mkono ungekuwa na shida kwenye R7100 ningekwenda huko bila kubishana. Kwa kuwa hauna, nachukua ile ya waya: waya naujua, na safarini nitalala nikijua kwamba kinachoweza kuharibika nina uwezo wa kukirekebisha.

Kwa hiyo ni R7100, 50/34, kaseti ya 11-36. Maswali mawili yamebaki. Krenki ninayoendesha sasa ni milimita 170; nibaki hapo? Na kuna chochote cha kufanya kwenye fremu kabla ya kufunga?

Fundi_Spoku

Umechagua kwa mkono wako mwenyewe, nimefurahi.

Krenki: 105 zinatengenezwa kuanzia milimita 160 hadi 175. Kwa mtu ambaye si mrefu na magoti yanauma kwenye mlima, mimi ningekwenda 165. Goti linakunjwa kidogo zaidi ya lazima kila pedeli inapopita juu, na krenki fupi inapunguza hilo. Ukiifunga, pandisha kiti milimita tano ili mguu unyooke kama zamani chini ya mzunguko. Nguvu unayokanyagia itaongezeka kidogo sana kwa gia ileile, na kaseti ya 36 inalifidia hilo na kubakiza. Hata hivyo, kama maumivu yanaendelea hata siku usizoendesha, goti hilo lionekane na daktari. Seti ya gia haitibu.

Fremu: kipime kile kipande kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kabla hujafunga kitu. Hata fremu mpya inaweza kufika kimepinda kwa kugongwa safarini. Nafasi kati ya meno ya kaseti ya gia 12 ni ndogo, na kipande kikipinda kidogo tu utazungusha skrubu wiki nzima bila mafanikio. Kuna kipimo maalumu kinachofungwa hapo na kulinganishwa na rimu pande zote. Azima au mpelekee fundi akupimie. Na nunua kipande cha akiba cha fremu hiyohiyo sasa hivi, kwa sababu kila fremu ina chake na baada ya miaka michache kukipata ni shida. Kiweke kwenye mfuko wa chini ya kiti pamoja na waya wa nyuma.

Cheni usiikate kwa kulinganisha na ya zamani, kwa sababu hiyo ilikuwa ya jino la 28. Izungushe kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, fuata kipimo cha kitabu cha R7100, halafu ndipo ukate. Cheni fupi ikikutana na 50 kwa 36 inang'oa kibadilisha gia. Na kuanzia hapo ipime mara kwa mara. Ikirefuka kufikia asilimia 0.5 ibadili, usiisubiri iendelee, maana itaila kaseti.

Kipepeo_Mlimani

Naagiza 165, na kipande cha akiba pamoja nayo. Nikishafunga nitaweka hapa vipimo vya cheni na jinsi 50/34 inavyokwenda na 11-36 kwenye kundi, ili anayekuja na swali hili baadaye akute namba.